Kuotesha Nyasi Kwenye Miteremko Mikali ya Magharibi mwa Nairobi

Kutoka Uhuru Park kuelekea Kilimani, Lavington, Kangemi na Dagoretti, ardhi ya Nairobi hupanda kidogo kidogo hadi kukaribia mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na katika kupanda huko imepasuliwa na mabonde membamba ya vijito vinavyoteremka kuelekea mashariki, vikiwemo Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo, Motoine na Mto Nairobi wenyewe. Kingo za mabonde hayo zilikuwa msitu, kisha zikawa mashamba ya migomba, nduma na nepia, na katika miaka ya karibuni zimekuwa zikikatwa kwa tingatinga ili kupatikane viwanja vya maghorofa, maegesho ya magari na barabara kubwa kama Southern Bypass. Kila ukingo unapokatwa hubaki uso wa udongo mwekundu usio na chochote juu yake, na mvua za Aprili zikiukuta hivyo, huanza mmomonyoko, yaani kung'olewa kwa chembe za udongo na kuchukuliwa na maji hadi zinapotua.

Mahali zinapotua panajulikana. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 katika njia ya Motoine, kijito ambacho upande wa chini huitwa Mto Ngong, na leo limejaa tope, taka na magugu maji kiasi kwamba sehemu zilizokuwa maji zinalimwa. Majitaka na takataka za jiji zina sehemu kubwa katika maangamizi hayo, lakini tope lenyewe ni udongo uliotoka kwenye kingo za juu, konzi kwa konzi, kila msimu wa mvua. Mwenye kiwanja huko Dagoretti anayeacha ukingo wake wazi kwa mwaka mmoja ana mchango wake katika bwawa ambalo pengine hajawahi kulitazama.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni nyasi, nayo ni dawa ya kweli, lakini namna inavyotumiwa katika vitongoji hivi huifanya ionekane dhaifu. Nyasi huletwa mwisho kabisa, siku chache kabla ya nyumba kukabidhiwa, zikiwa mabonge yaliyokatwa kama mikeka, hutandikwa juu ya udongo uliogandamizwa na mashine, na mvua kubwa ya kwanza huzivua kama shuka. Nyasi zilizoshindwa hivyo zimebebeshwa kazi tatu zisizo zao: kugeuza maji yanayoshuka kutoka juu, kurekebisha umbo la ukingo uliokatwa vibaya, na kumea katika majira yasiyofaa. Maji, umbo na majira yakishughulikiwa kwanza, nyasi hubaki na kazi moja tu ya kuufunika udongo na kuushika, na kazi hiyo hakuna kitu kingine kinachoifanya vizuri zaidi kwa gharama ndogo kama hiyo.

Ili kuelewa kwa nini mpangilio huo ni wa lazima, yafaa kuufuata mmomonyoko tangu unapoanza. Tone kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimita 5 hivi, hufika ardhini kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde na kuvunja vipande vidogo vya udongo, na kwa kuwa ardhi imeinama, chembe zinazorushwa upande wa chini huenda mbali kuliko zile zinazorushwa upande wa juu, kwa hiyo udongo huanza safari hata kabla ya maji kutiririka. Chembe laini huziba vitundu vya uso wa ardhi, maji hushindwa kuzama, huteremka kwanza kama utando mwembamba, kisha hujikusanya katika vijifereji vyenye upana wa kidole, na vijifereji hivyo vikiungana huwa makorongo. Majani ya nyasi hulipokea tone kabla halijagonga udongo, mashina yake hupunguza mwendo wa maji, na mizizi hufunga chembe pamoja. Hata hivyo, kifuniko chenye mapengo mengi huyapa maji njia ya kupita kati ya shina na shina, na ndiyo sababu wataalamu wa hifadhi ya udongo hawauhesabu mteremko kuwa umetulia mpaka angalau asilimia 70 ya uso wake iwe imefunikwa. Miti mirefu peke yake haitoshi, kwani maji yanayojikusanya juu ya majani na kudondoka kutoka juu hufanya matone makubwa kuliko ya mvua yenyewe, na chini ya miti yenye kivuli kizito aghalabu ardhi huwa tupu.

Udongo mwekundu wa upande wa Kabete na Lavington, ambao wanasayansi huuita nitisoli, ni miongoni mwa udongo bora wa nyanda za juu: ni wa kina kirefu, hunywa maji upesi, na vipande vyake hushikamana vizuri. Sifa hizo, hata hivyo, hutegemea kwa kiasi kikubwa tabaka la juu lenye mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza, na tabaka hilo ndilo ambalo mashine huliondoa kwanza. Udongo wa chini unaobaki wazi ni maskini, hasa wa fosforasi, kirutubisho ambacho mizizi michanga inakihitaji sana, kwa sababu madini ya chuma yanayoupa udongo rangi yake nyekundu huishika fosforasi hiyo kwa nguvu. Ndiyo maana kumwaga mbolea ya fosforasi ya TSP juu ya uso mzima ni hasara. Konzi ndogo iliyochanganywa na samadi iliyoiva na kuwekwa ndani ya shimo la kupandia, karibu na mzizi, huufaidi mmea zaidi. Jambo la maana kuliko mbolea yoyote ni kuamuru, kabla ya siku ya kwanza ya uchimbaji, kwamba tabaka la juu likusanywe kando katika rundo lisilozidi kimo cha mita 2 na lifunikwe. Mwenye kiwanja anayeruhusu malori kulichukua kama kifusi, yaani udongo wa kujazia mahali pengine, hulazimika baadaye kununua udongo wa watu wengine. Upande wa katikati ya jiji na mashariki yake, mahali ambapo udongo mwekundu huupisha mweusi wa mfinyanzi, hali ni nyingine: udongo huo hufura unapolowa na kupasuka unapokauka, na nyufa za Februari huwa milango ambayo maji ya Machi huingilia ndani ya ukingo.

Kabla ya kuchagua nyasi, mteremko upimwe. Huchukuliwa ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1, ncha yake moja huwekwa juu ya ardhi upande wa juu, ubao hulazwa sawasawa kwa pima maji, kisha hupimwa umbali wa wima kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Umbali huo ukiwa sentimita 50, mteremko ni wa asilimia 50. Kwa kulinganisha, kanuni za matumizi ya ardhi zilizotungwa Kenya mwaka 1965 chini ya Sheria ya Kilimo zilikataza kulima mahali palipozidi asilimia 35. Hadi asilimia 33 hivi, nyasi huota bila taabu na mtu anaweza kuzifyeka akiwa amesimama imara. Kati ya hapo na asilimia 50, zinahitaji matandazo na ulinzi. Mteremko ukizidi asilimia 67, yaani mita 2 za kupanda kwa kila mita 3 za kwenda mbele, nyasi peke yake ni kamari, na heri kuupunguza ukali, kuukata ngazi, au kuujengea mguu wa mawe au gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, kabla ya kufikiria mche wowote.

Hapo ndipo suala la maji linapoingia, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, kiasi ambacho mvua moja nzito ya Aprili inaweza kukileta, hutoa lita 5,000, na katika viwanja vingi lita hizo huachwa zimwagikie juu ya ukingo kupitia bomba moja. Hakuna nyasi, hata iwe ya jamii gani, itakayosimama mbele ya bomba hilo. Maji ya paa yapelekwe kwenye tangi, nayo yatahitajika baadaye kunyweshea. Yanayozidi yateremshwe kwa bomba lililofungwa au mfereji wa mawe hadi chini kabisa, na juu ya ukingo kuchimbwe mtaro wa kukinga, wenye mwinamo mdogo wa sentimita 1 kwa kila mita 1, unaoyapokea maji ya uwanja na kuyapeleka pembeni taratibu hadi mahali palipokwisha kuota nyasi, bila kumtupia jirani mzigo. Mtaro huo usichanganywe na fanya juu, ule mtaro wa wakulima ulioenea Machakos, ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ili kuzuia maji shambani. Fanya juu ni hazina ya shamba lenye kiu, lakini kwenye ukingo mkali uliokatwa, kuyazuia maji juu ni kuulowesha ukingo mpaka uwe mzito na kuporomoka kwa pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo, shimo la kufyonza majitaka ya nyumba halifai kuwekwa karibu na ukingo.

Umbo la ukingo nalo hurekebishwa kwa kazi isiyo ngumu. Kona kali ya juu huviringishwa, kwa maana ndipo nyasi hukauka kwanza na udongo kuanza kumeguka, na uso wa mteremko haulainishwi kama ukuta uliopigwa lipu bali huachwa na mikwaruzo inayokata mteremko kwa upana. Tingatinga likipandishwa na kuteremshwa, alama za minyororo yake hulala kwa upana na kuwa vijibwawa vidogo. Likiendeshwa kwa upana, alama zile zile huwa mifereji ya kuteremshia maji. Udongo mgumu hutifuliwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, kisha hurudishiwa tabaka la juu lenye unene usiozidi sentimita 10. Wengi hudhani kwamba unene zaidi ni baraka, ilhali katika mteremko mkali tabaka nene lililokaa juu ya udongo mgumu likilowa huteleza lote.

Nairobi hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kalenda ya upandaji hufuata majira hayo: matayarisho yote yawe yamekamilika mwanzoni mwa Machi, au mwanzoni mwa Oktoba, na miche iingie ardhini mara tu mvua zinapokolea, ili ipate wiki nane au zaidi za unyevu. Anayepanda Mei mwishoni huikabidhi miche yake kwa baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, wakati ambapo nyasi za hapa hukua polepole mno. Mjenzi anayemaliza kuchimba Juni asilazimishe nyasi. Afunike ukingo kwa matandazo na kusubiri Oktoba. Subira hiyo ya miezi minne huwa rahisi kuliko kupanda mara mbili.

Katika vitalu vya kando ya Ngong Road, mnunuzi huonyeshwa kwanza nyasi ya Pemba, kwa sababu inapendeza. Ina majani mapana na huvumilia kivuli, kwa hiyo chini ya miti ya viwanja vya Lavington mahali pake ni pa haki, lakini kuiweka kwenye ukingo mkali wenye jua kwa sababu ya uzuri wake ni kuipeleka isikoweza kazi. Kwa kingo nyekundu zenye jua za Kangemi, Loresho na Kabete, mmea wa kufunika ardhi ni ule ule ambao nchi hii iliuzaa: nyasi ya Kikuyu, ambayo wanasayansi huiita Cenchrus clandestinus, yenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, iliyobeba jina la watu wa hapa hadi viwanja na malisho ya Australia, Afrika Kusini na California. Hutambaa kwa mashina ya juu na ya chini ya ardhi, kila kifundo kikitoa mizizi, na kwa hiyo huziba mapengo ambayo nyasi za vishada huyaacha. Ina mahitaji mawili: hupenda jua, na hula naitrojeni nyingi, hivi kwamba isipolishwa hugeuka njano na kupungua unene. Klova nyeupe ya Kenya, mmea wa jamii ya kunde unaoota wenyewe katika nyanda hizi, ikichanganywa nayo huivuta naitrojeni kutoka hewani na kuipunguza gharama ya mbolea. Ni kweli pia kwamba nyasi hii huvamia vitanda vya maua, na katika nchi nyingine huhesabiwa kuwa gugu. Mstari wa mawe au mtaro mdogo unaosafishwa mara kwa mara huiwekea mpaka.

Panapokuwa na joto zaidi, ukavu zaidi au udongo mweusi, ukoka hustahimili kuliko nyasi ya Kikuyu, kwa kuwa mashina yake ya chini ya ardhi hungoja kiangazi kipite na kuchipua tena. Boma Rhodes, nyasi ya malisho inayopandwa kwa mbegu, hufaa maeneo mapana ambayo kupandwa kwa mkono kungekuwa ghali. Wakulima hutumia kilo 5 hadi 10 kwa hekta, lakini katika mteremko kiasi hicho huongezwa mara mbili au tatu, mbegu huchanganywa na mchanga kwa sababu ni nyepesi kama manyoya, na hufukiwa kwa kina kisichofika sentimita 1. Nepia, ingawa hupatikana bure kwa jirani mwenye ng'ombe, hushika vizuri kingo za matuta ya shamba lakini huacha ardhi tupu kati ya vishada vyake, na kila inapokatwa mkataji huukanyaga ukingo.

Vetiva husimama peke yake katika mjadala huu. Ni nyasi yenye asili ya India, iliyotangazwa sana na Benki ya Dunia tangu miaka ya 1980, nayo haitambai wala aina inayopandwa haitoi mbegu za kuota, bali mizizi yake hushuka wima hadi mita 2 au 3, kina ambacho nyasi nyingi hazikifikii. Haifuniki ardhi, hutengeneza ua mnene unaochuja tope na kupunguza mwendo wa maji, na nyuma ya kila ua hujijenga ngazi ndogo ya udongo. Wanaobishana kama ukingo upandwe vetiva au nyasi ya Kikuyu hubishana bure, kwani moja ni nguzo na nyingine ni zulia. Mpango unaofaa kingo za magharibi mwa Nairobi ni kupanda safu za vetiva zinazofuata kontua, yaani mistari inayopita mahali penye kimo kilekile, kila safu ikiwa chini ya nyingine kwa mita 1 hadi 1.5 za wima, na miche ikiachana sentimita 10 hadi 15 bila pengo, kisha kati ya safu hizo kupandwa nyasi ya Kikuyu au ukoka. Vetiva changa haivumilii kivuli, na kwenye baridi ya Nairobi hukua polepole kuliko pwani. Kwa hiyo itangulizwe kwa msimu mmoja, nafasi iliyo kati ya safu ikiwa imefunikwa kwa matandazo, au kila safu iachiwe sentimita 30 zisizo na nyasi pande zote mbili kwa mwaka wa kwanza.

Kontua hupatikana kwa fremu ya A, kifaa cha miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu na kuunganishwa katikati kwa ubao, ambacho kamba yenye jiwe huning'inia kutoka kileleni. Jiwe likitulia katikati ya ubao, miguu yote miwili imekanyaga kimo kimoja. Vipandikizi vya nyasi ya Kikuyu hukatwa vikiwa na vifundo vitatu au vinne, viwili hufukiwa, na hupandwa kwa mpangilio wa pembetatu vikiachana sentimita 15 hadi 20, ili maji yasipate mstari ulionyooka wa kuteremkia. Mabonge ya nyasi yakitumiwa, hupangwa kuanzia chini, viungo vikipishana kama matofali, na kila bonge hupigiliwa vigingi vya mwanzi vya sentimita 30.

Baada ya kupanda, udongo ulio kati ya miche bado uko uchi. Matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu, yenye unene wa sentimita 2 au 3, huulinda mpaka majani yafunge, na ili yasichukuliwe na maji hushikwa kwa wavu wa kamba za mkonge au makumbi ya nazi, au hata magunia makuukuu ya katani yaliyopasuliwa. Ncha ya juu ya wavu huo hufukiwa ndani ya mtaro wa kina cha sentimita 15, la sivyo maji yatapita chini yake. Nyavu za plastiki ziepukwe, kwa maana haziozi, na mwishowe humaliza safari yake mtoni.

Wiki nne za kwanza ndizo zinazoamua. Mvua ikikatika, mteremko hunyweshwa kila siku kwa kichwa cha kunyunyizia chenye matundu madogo, kwani maji ya bomba lililoachwa wazi huharibu kuliko kiangazi. Kila baada ya mvua nzito mtu apite chini ya ukingo, asipite juu yake, akitafuta vijifereji. Kijifereji cha upana wa kidole huzibwa kwa konzi ya udongo na kipandikizi kimoja, lakini kikiachwa wiki mbili huhitaji kibarua wa kutwa nzima. Mifugo nayo ni tishio la kweli, kwa sababu kingo za barabara za Nairobi ni malisho ya bure wakati wa ukame, na kwato za ng'ombe mmoja kwenye mteremko uliolowa hufungua vidonda vingi. Uzio wa muda wa fito na waya hulipa, na mfugaji akiahidiwa majani yatakayofyekwa baadaye, aghalabu hugeuka kuwa mlinzi.

Kuna kingo ambazo mwenye nazo hapaswi kuzigusa bila mhandisi. Nyufa zinazofuata ukingo kwa juu, miti iliyoinama kuelekea bondeni, ukuta unaovimba, au maji yanayochuruzika kwenye mguu wa mteremko wakati wa kiangazi ni dalili kwamba ardhi inasogea katika kina ambacho mizizi haifiki. Nyasi hulinda ngozi ya mteremko, na katika hali hiyo ugonjwa uko kwenye mifupa. Vilevile, ukanda wa kando ya mto, ambao kanuni za maji za Kenya huuwekea upana wa kati ya mita 6 na 30, si mahali pa kukata ardhi wala kujaza kifusi hata kama nyasi zitapandwa juu yake.

Mteremko uliofunga vizuri hufyekwa bila kushushwa chini ya sentimita 10, wala hauchomwi moto, na hupewa mbolea kidogo ya naitrojeni ya CAN mara mvua zinapoanza. Vetiva hupunguzwa hadi sentimita 30 au 40 mara moja au mbili kwa mwaka, na majani yake hulazwa papo hapo nyuma ya safu. Kila Februari na kila Septemba, mapengo huhesabiwa kabla ya mawingu kurudi, na miche ya kuyaziba haihitaji kununuliwa, kwa sababu kishada kimoja cha vetiva cha mwaka wa pili hutoa miche mingi kikipasuliwa, na kitalu cha hatua mbili kwa tatu chini ya ukingo, karibu na tangi la maji ya paa, hutosha kuuhudumia ukingo wote pamoja na wa jirani.